Waacheni wagongane darasani: barua ya wazi kwa wahadhiri wa kompyuta



Ninawaandikia ninyi mnaofundisha uhandisi wa programu, sayansi ya kompyuta na masomo yanayopakana nayo katika vyuo vyetu vya Tanzania. Wenzenu wa Kenya na Uganda wakiisoma barua hii, nadhani nao watajikuta wamo. Ninaongoza timu ya waandishi wa programu hapa Dar es Salaam, na tunapokea vijana kutoka mikononi mwenu, baadhi kwa mafunzo ya vitendo, baadhi kwa ajira. Wanakuja wamefundwa. Wanaijua Python, wanaijua Java, wanaweza kuchora muundo wa hifadhidata ubaoni bila kusita. Juu ya hayo sina neno ila shukrani. Nililo nalo ni moja: hawajafundishwa namna ya kukutana na kazi ya mwenzao ndani ya faili moja.

Nazungumzia mgongano, ule unaotokea pale watu wawili wanaochangia hazina moja ya msimbo wanapobadilisha mistari ileile, kila mmoja kwenye tawi lake, kisha Git inapotakiwa kuunganisha matawi hayo inashindwa kuamua. Inasimama, inaandika CONFLICT kwenye skrini, na kumwachia binadamu. Kwetu sisi ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mhitimu mpya ni kitisho. Anaduwaa, anatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, kisha anafanya moja kati ya mambo ambayo nimeyaona kwa vijana wa vyuo tofauti mpaka nimeacha kumlaumu kijana mmojammoja.

Wapo wanaobofya kitufe cha kuchukua upande wao wote na kuendelea na safari. Wapo wanaochukua upande wa mwenzao wote, kwa heshima tu, na kutupa kazi yao wenyewe. Lakini inayoniumiza zaidi ni njia ya tatu. Kijana ananakili mafaili yake pembeni, anafuta hazina yote kwenye kompyuta yake, anaishusha upya, halafu anabandika mafaili yake juu ya yale aliyoyashusha na kuyapandisha. Git haioni mgongano wowote hapo. Kwa inavyojua yenyewe, huyu ni mtu aliyeanza na toleo la karibuni kabisa na akaamua, kwa hiari yake, kufuta mistari ya mwenzake. Hakuna onyo linalotolewa. Maelezo aliyoyaandika yanasema ameongeza ukurasa wa ripoti, na kweli ameuongeza. Mistari iliyofutika huenda ndiyo iliyorekebisha kasoro ya wiki iliyopita. Kasoro inamrudia mteja, na aliyeirekebisha anaulizwa mbele ya watu kwa nini alisema amemaliza. Nimewaona watu wawili wazuri, wenye bidii, wakiacha kusemeshana kwa jambo la namna hii, na hakuna kati yao aliyekuwa na nia mbaya.

Tabia hiyo haizaliwi ofisini. Inatoka kwenye mradi wa kikundi, na miradi hiyo ninyi mnaijua kuliko mimi. Kikundi cha watu watano kinagawana: mmoja anaandika programu, wawili wanaandika ripoti, mmoja anatengeneza slaidi, wa tano anachapisha na kupeleka kufungwa jalada. Wakijitahidi sana, wanaoandika programu wanakuwa wawili, nao wanapeana zipu kwenye kundi la WhatsApp. Jina la zipu linarefuka kila usiku, mwisho, mwisho_kabisa, mwisho_kabisa_2, na sheria ni ya kupokezana: ukiwa nalo wewe, mimi nasubiri. Siku ya kuwasilisha programu inafanya kazi, alama zinatolewa, na ni haki zitolewe. Ila mwanafunzi amemaliza miaka mitatu au minne bila kugongana na mtu hata mara moja, na amepewa shahada ya kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya peke yake.

Kupokezana huko kuna historia, na historia yenyewe inawahusu walimu kwa namna ya pekee. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs alitengeneza SCCS, mmoja wa mifumo ya kwanza ya kutunza matoleo ya msimbo. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS. Yote miwili ilitegemea kufuli: anayetaka kubadilisha faili analifunga kwanza, na wengine wanasubiri alifungue. Akisahau kulifungua kabla ya kwenda likizo, wenzake wanakaa.

Kisha akaja mhadhiri. Kuanzia Julai 1984 hadi Agosti 1985, Dick Grune wa Vrije Universiteit jijini Amsterdam alikuwa akiandika kompaila ya lugha ya C pamoja na wanafunzi wake wawili. Ratiba zao hazikupatana. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi saa za ofisi, wa pili hakuwa na saa maalumu, na mwalimu mwenyewe alipata nafasi jioni tu. Kufuli lingewafanya washinde wakisubiriana. Grune akaandika skripti juu ya RCS zilizomruhusu kila mmoja kuwa na nakala yake, kuibadilisha kwa wakati wake, na kupatanisha na wenzake baadaye. Mwaka 1986 alizitoa hadharani, zikajulikana kwa jina la CVS, na njia hiyo ya kufanya kazi sambamba ndiyo iliyokuja kutawala ulimwengu wa programu huria. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 baada ya waandishi wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, imeipeleka mbele zaidi: kila mtu ana hazina nzima na historia yake yote kwenye mashine yake.

Kwa hiyo, walimu wangu, utaratibu ambao leo unaongoza kazi yetu ulitokana na mwalimu na wanafunzi wawili kwenye mradi mmoja chuoni. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kuambiwa kwamba mambo ya Git ni ya ofisini, vijana watayapata huko huko kazini, chuo kinafundisha misingi. Kupatanisha kazi za watu wawili ni msingi. Kuna nadharia ndani yake, kuna algorithimu ndani yake, na kuna kusoma mawazo ya mtu mwingine kupitia maandishi yake, jambo ambalo sijui somo lingine la kompyuta linalolifundisha vizuri hivyo.

Niruhusuni nitoe mfano mdogo ninaoutumia kwa vijana wetu. Tuna programu inayokata ada kwenye muamala. Mstari wa awali unasema:

    ada = kiasi * 0.01

Watu wawili wanaondoka na nakala ya mstari huo, kila mmoja kwenye tawi lake. Wa kwanza ameambiwa na mhasibu kwamba ada isizidi shilingi 5,000. Wa pili ameambiwa na wanaopokea malalamiko kwamba wateja wamechoka kuona senti kwenye risiti. Matawi yanapokutana, Git inaandika hivi ndani ya faili:

    <<<<<<< HEAD
    ada = min(kiasi * 0.01, 5000)
    =======
    ada = round(kiasi * 0.01)
    >>>>>>> ondoa-senti

Kijana aliyezoea kuchagua upande atachagua. Akichukua wa juu, senti zinarudi kwenye risiti. Akichukua wa chini, mteja anayetuma milioni mbili anakatwa 20,000 badala ya 5,000. Jibu sahihi haliko juu wala chini:

    ada = round(min(kiasi * 0.01, 5000))

Huu ni mstari wa tatu, na hakuna kati ya wale wawili aliyewahi kuuandika. Ameuandika mpatanishi, baada ya kuelewa kila mmoja alikuwa akitafuta nini. Darasani pangetosha dakika kumi kuonyesha hili, na mwanafunzi akiliona mara moja hatasahau.

Sasa badilisha mfano kidogo. Wa kwanza amepandisha kiwango kiwe 0.015, wa pili amekishusha kiwe 0.008. Hapo hakuna werevu wa msimbo utakaosaidia. Watu wawili ndani ya taasisi moja wametoa maagizo yanayopingana, na Git ndiyo ya kwanza kulitambua. Kilichobaki ni kupiga simu au kuvuka chumba na kuuliza. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema kwamba zana za akili unde zimemaliza tatizo hili. Zitaweza kuupata ule mstari wa tatu, tena mara nyingi zitaupata. Hazijui mhasibu alisema nini kwenye kikao cha Jumatatu, wala kwamba agizo la pili lilitoka kwa mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayezipokea hukumu za zana hizo bila kuzisoma amerudi kule kule kwenye kubofya kitufe.

Nimetaja mstari wa awali makusudi, kwa sababu ndiko uelewa wote unakoanzia na ndiko Git, isipoelekezwa, inakonyamaza. Kuunganisha kwa Git kunatazama matoleo matatu: la kwangu, la kwako, na lile la pamoja tuliloanzia sote. Inalinganisha mawili ya kwanza na lile la tatu. Palipobadilishwa na mmoja tu inachukua badiliko lake, palipobadilishwa na wote kwa namna tofauti inasimama. Lakini inapotuandikia mgongano inatuonyesha pande mbili tu na kulificha la tatu. Tuseme upande wangu una mistari miwili na wako una mmoja. Je, mimi nimeongeza mstari, au wewe umeufuta? Ukitazama pande mbili peke yake huwezi kujua, na majibu hayo mawili yanadai maamuzi yaliyo kinyume kabisa. Tiba yake ni amri moja:

    git config --global merge.conflictStyle diff3

Kuanzia hapo kila mgongano unaonyesha na mstari wa asili katikati. Toleo la 2.35 la Git, la Januari 2022, lilileta zdiff3, ambayo inaondoa kwanza mistari inayofanana pande zote mbili ili mgongano ubaki mfupi. Vijana wengi tunaowapokea hawajawahi kuisikia amri hiyo. Wamekuwa wakijaribu kuamua kesi bila kusikia ilianzaje.

Na kabla ya hayo yote, wafundisheni `git merge --abort`. Amri hii inarudisha kila kitu kilivyokuwa kabla ya kuunganisha kuanza, mradi kazi yako ilikuwa imeshahifadhiwa kwenye Git. Ninaamini nusu ya woga wa vijana inatokana na kudhani kwamba wakishaingia kwenye mgongano hakuna mlango wa kutokea, kwamba wameharibu kazi ya ofisi nzima na kila wanachogusa kinazidisha uharibifu. Mtu akijua anaweza kutoka, anapumua, anaanza kusoma. Vilevile waambieni kuhusu mtego wa rebase: pale majina ya upande wangu na upande wake yanageuka, kwa kuwa Git inaanzia kwenye tawi la wenzako na kuweka mabadiliko yako juu yake moja baada ya moja, hivyo “ours” inakuwa ya wenzako na “theirs” inakuwa yako. Wakongwe wenye miaka kazini wamefuta kazi zao wenyewe kwa kutojua hili.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni mgongano usioonekana. Mmoja anabadilisha fonksheni ya kukokotoa ada ili irudishe jibu kwa senti badala ya shilingi. Kwa uangalifu kabisa anasahihisha kila mahali inapoitwa. Wakati huohuo mwenzake, kwenye faili lingine jipya, ameandika ukurasa unaoiita fonksheni hiyo akitarajia shilingi. Hawajagusa mstari uleule. Git inaunganisha kimya kimya, inatoa ujumbe wa mafanikio, na mteja wa kwanza anakatwa mara mia ya anachodaiwa. Git inalinganisha mistari ya maandishi. Haijui maana ya shilingi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kuunganisha bila CONFLICT ni kuunganisha salama amefundishwa vibaya.

Wanaotumia Django wanalijua hili kwa njia yao. Watu wawili wanaongeza kila mmoja safu kwenye hifadhidata, na kila mmoja anatengeneza uhamisho (migration) wenye namba 0004 ukifuata 0003. Majina ya mafaili yanatofautiana, kwa hiyo Git inaridhika. Django ndiyo inayokataa, ikisema ina ncha mbili na haijui ifuate ipi, na inapendekeza `makemigrations --merge`. Kijana anaiandika amri hiyo, kosa linaondoka, anafurahi. Lakini je, hao wawili walikuwa wakibadilisha jedwali moja? Je, mmoja ameifuta safu ambayo mwingine anaitegemea? Amri haimuulizi maswali hayo. Ni lazima awe na mazoea ya kujiuliza mwenyewe, na baada ya kila muunganiko kuyaendesha majaribio yote upya, hata kama skrini haikulalamika. Bila majaribio yaliyoandikwa hakuna cha kuendesha. Kwa hiyo somo la majaribio na somo la kuunganisha ni somo moja, na kuyatenganisha katika mihula miwili kunawapotezea wanafunzi sababu ya yote mawili.

Mingine ni migongano isiyo na maana yoyote, na hiyo mnaweza kuizuia tangu maabara. Kompyuta ya Windows inamaliza mistari kwa alama mbili zisizoonekana, ya Linux kwa moja, na ghafla faili zima linaonekana limebadilika. Faili la `.gitattributes` lenye mstari `* text=auto` linamaliza ugomvi huo. Mwingine anafungua faili la mwenzake na kihariri chake kinapanga upya nafasi zote. Kikundi kikubaliane mpangilio mmoja siku ya kwanza, na jambo liishe.

Mtu anaweza kusema dawa ni kugawana kazi vizuri, kila mtu na faili lake, wasigusane. Kugawana ni kuzuri, lakini kuna mahali lazima watu wakutane: orodha ya anwani za kurasa, faili la mipangilio, muundo wa hifadhidata. Na kuahirisha kukutana kunazidisha ukubwa wa mgongano. Tawi lililokaa siku moja likigongana, mnasoma mistari michache na kila mtu bado anakumbuka alichotaka. Tawi lililokaa mwezi mzima likigongana, aliyeandika amekwisha kusahau, na kinachofuata ni kazi ya kukisia. Kwenye mradi wa Linux walilitambua hili mapema. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na wiki mbili za mwanzo ndizo Torvalds anazopokea kazi kutoka kwa wasimamizi wa sehemu mbalimbali. Wangeweza kungoja wiki hizo wagongane wote kwa pamoja. Badala yake, mwaka 2008 Stephen Rothwell wa Australia alianzisha linux-next, mti unaounganisha matawi ya wasimamizi hao karibu kila siku ya kazi, kwa lengo hasa la kuigundua migongano kabla haijafika kwa Torvalds na kuwajulisha wahusika. Yaani mtu mzima, mhandisi mwenye heshima, amefanya kazi ya kutafuta migongano kila siku, na mradi mkubwa kupita yote ya aina yake umemshukuru.

Mwongozo wao kwa wasimamizi una shauri ambalo ningependa libandikwe kwenye kila maabara. Linamwambia msimamizi asihangaike kuuficha mgongano kabla ya kuleta kazi yake juu. Auache uonekane, aueleze, maana anayeunganisha anajifunza pale ambapo sehemu mbili zinagusana vibaya. Kwetu mara nyingi ni kinyume. Kiongozi wa timu anauchukulia mgongano kuwa uzembe wa aliyechelewa kupandisha, kwa hiyo vijana wanakimbizana kupandisha kabla ya wenzao, kazi ikiwa mbichi, ili aibu imwangukie anayefuata. Tabia hiyo nayo naiona ikianzia kwenye mashindano ya alama.

Najua hali mnamofanyia kazi. Darasa lina watu mia na zaidi, intaneti ya chuo inakatika, na mwanafunzi akiambiwa afungue akaunti na kupandisha kila siku, bando ni la kwake. Hapa Git yenyewe iko upande wenu. Haihitaji intaneti. Kompyuta moja kuukuu ya maabara, iliyounganishwa kwenye mtandao wa ndani, ikipewa amri ya `git init --bare` kwa kila kikundi, inatosha kuwa hazina ya darasa zima. Hata flashi inaweza kubeba hazina ya namna hiyo, wanakikundi wakapandisha na kushusha kutoka kwenye flashi ileile iliyokuwa ikibeba zipu, tofauti ikiwa kwamba sasa historia yote imo na hakuna wa kumfuta mwenzake bila kuonekana.

Kuhusu usahihishaji, historia hiyo inawapunguzia kazi. Kwa sasa mhadhiri anapokea ripoti yenye majina matano na hana njia ya kujua nani alifanya nini. Hazina inaonyesha. Sisemi mhesabu idadi ya mabadiliko ya kila mtu na kuigeuza kuwa alama. Wataanza kuhifadhi nukta moja moja. Chagueni miunganiko miwili au mitatu ya kikundi, muwaite waliogongana, muwaulize: mwenzako alitaka nini hapa, na kwa nini mmeamua hivi? Anayejibu alishiriki. Asiyejua mstari wa mwenzake ulikuwa wa nini, hata kama jina lake limejaa kwenye historia, mtamjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Na hazina halisi za kujifunzia zipo, tena zenye mizizi hapahapa Afrika Mashariki. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, una msimbo ulio wazi unaoandikwa na watu wa nchi nyingi. Ushahidi, uliozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, nao uko wazi. Mwanafunzi anaweza kushusha historia ya miaka, akatafuta miunganiko iliyogongana, akasoma walivyopatanishwa watu wasiowahi kuonana uso kwa uso. Kwenye mfumo wa wagonjwa, mstari uliofutwa kimya unaweza kuwa ni mzio wa dawa usioonekana kwenye skrini ya daktari. Kijana akilielewa hilo, hatauona tena upatanishi wa msimbo kuwa kero ya kumalizwa kwa kitufe.

Ombi langu, basi, si la mtaala mpya, wala siwaombi msubiri kikao cha seneti. Muhula ujao, kwenye somo lenu mojawapo la mwaka wa pili, toeni mradi mmoja wa kikundi ambao kila mwanakikundi ni lazima abadilishe faili moja la pamoja, kwa maagizo mliyoyapanga makusudi yagongane: mmoja mwambieni ada iwe na kikomo, mwingine mwambieni senti ziondoke, wa tatu mwambieni abadilishe jina la fonksheni ambayo wa nne anaiita kwenye faili lake. Msiwaambie kwamba yatagongana. Kaeni nao maabara siku watakapounganisha. Atakayeomba kupewa zipu ya mwenzake, mkatalieni, na mwelekezeni kwenye kiti cha mwenzake akamuulize alichokuwa anakusudia.

Vyuo vitakavyolifanya hili na kutaka watu wa kazini waje kusaidia maabara siku hiyo, mimi na wenzangu tutakuja, na hatutadai posho.

Wenu katika kazi,
Mhandisi wa programu, Dar es Salaam